Vipimo viko sawa, mimi siko sawa

Bi Mshauri, asalaam alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, nina mume na watoto wawili. Nakuandikia usiku, wenyewe wamelala, kwa sababu nimefika pahali ambapo sijui tena kama ninaumwa au ninajiumiza mwenyewe kwa mawazo, na kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Maradhi yangu yalianza miaka minne iliyopita. Nilikonda ilhali nakula kumshinda mume wangu, moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimeketi barazani, mikono ilitetemeka nikashindwa kuandika mstari ulionyooka ubaoni, na macho yakanitoka mpaka watoto wa darasani wakawa wananitazama kwa wizi. Nilipimwa, nikaambiwa tezi yangu ya shingo inafanya kazi kupita kiasi na kwamba ugonjwa wenyewe unaitwa Graves. Nilipewa kabimazoli pamoja na dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Zilinisaidia kila nilipozipata, lakini mara nyingi duka la dawa lilikuwa halina, nikakaa wiki mbili au tatu bila ya kidonge, kisha nikaanza upya. Mwisho wake madaktari waliona afadhali tezi itolewe. Nilipasuliwa Bara, miezi 14 iliyopita, ikaondolewa karibu yote, na tangu siku hiyo ninameza levothairoksini ya maikrogramu 100 kila siku, dawa ya kushika nafasi ya homoni ya tezi, ambayo niliambiwa nitakuwa nayo maisha yangu yote.

Miezi ya mwanzo nilijiona nimerejeshewa mwili wangu. Mwezi wa sita baada ya upasuaji nilipimwa damu, kile kipimo cha tezi kiitwacho TSH kikawa 3.1, daktari akasema kila kitu kiko sawa. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Sasa ni kama miezi sita mambo yanakwenda kinyume. Ninaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nywele zinabaki kwenye kitana, ngozi imekuwa kavu, choo ni cha taabu, na ninahisi baridi wakati wenzangu wanajipepea kwa madaftari. Sauti inakwama ifikapo kipindi cha tatu. Wiki mbili zilizopita nilimsahau jina mwanafunzi niliyemfundisha miaka miwili, nikasimama mbele yake nimeduwaa, naye ndiye aliyenitajia, kwa huruma. Hedhi imekuwa nyingi na ndefu, nikaambiwa damu imepungua, nikaandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Vidonge vyangu vyote nimeviweka kwenye kikopo kimoja dirishani jikoni, navimeza pamoja asubuhi kwa chai ya maziwa kabla ya kutoka, nisije nikasahau kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitilia maanani hadi lilipozua fitina nyumbani. Baada ya upasuaji nilikuwa nahisi sisimizi kwenye ncha za vidole na pembeni mwa midomo. Nilipewa vidonge vya kalsiamu vya mwezi mmoja, hali ikatulia, vikaisha, sikuambiwa niendelee. Siku hizi sisimizi wamerudi, na mara nyingine mkono wa kulia unakakamaa. Nilipokwenda kupimwa presha, ule mfuko wa mashine ulipojaa upepo na kunibana, vidole vyangu vilikutana vyenyewe, kama vinavyokutana mtu akitia tonge mdomoni, na sikuweza kuvifungua mpaka mfuko ulipolegezwa. Muuguzi alishtuka, akaniambia nisiwe na hofu. Usiku mmoja ulinikakamaa kitandani, mume wangu akaukanda kwa mafuta ya nazi hata ukafunguka. Asubuhi yake alikwenda kumueleza mama yake.

Tangu hapo mkwe wangu ameshikilia kwamba mkono unaoshikwa namna ile ni wa mtu mwenye shetani. Amekwisha kuzungumza na mganga wa shamba. Nitatakiwa kukaa siku saba, nipewe kombe, nipungwe shetani atoke, na katika siku hizo dawa ya hospitali isiwemo ndani ya nyumba. Mume wangu hasemi ndiyo wala siyo. Anachosema ni kwamba daktari mwenyewe kasema vipimo viko sawa, sasa tatizo liwe nini? Na kweli nilirudi kwa daktari, si yule wa upasuaji, nikamwonyesha karatasi yangu. Aliitazama, akasema haina tatizo, nipunguze mawazo na nipumzike. Hakunipima tena.

Ninayo fedha ya upatu, shilingi 600,000, hakuna anayejua. Nimekusudia skuli zikifungwa niage kwamba nakwenda harusini Unguja, kisha nivuke mpaka Dar es Salaam nikatafute daktari wa tezi. Nafsi inanisuta, maana sijawahi kumdanganya mume wangu kwa jambo kubwa. Lakini nikingoja, nitaingizwa kwenye hizo siku saba. Rafiki yangu naye kanipa unga wa mwani, anasema una madini joto na utanirejeshea nguvu, bado sijautia mdomoni.

Niende kwa siri, au nikubali siku saba nyumba itulie?

Mwalimu, Wete

JIBU

Mwanangu, waalaykum salaam warahmatullah.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu, nikawa napigia mstari yale uliyoyataja kwa kupita, kwani uzoefu wangu wa kusoma barua za watu umenionyesha kwamba aliyechoka kutoaminiwa huyataja mambo mazito kwa haraka, kana kwamba anaomba radhi kwa kuyasema. Kabla ya yote ujue kwamba mimi si daktari. Niliyaondoa katika barua yako yote yanayoweza kukutambulisha, nikamsomea daktari ninayemwamini, na ya kitabibu utakayoyakuta hapa yanatokana na mazungumzo yetu. Hayawezi kushika nafasi ya mtu atakayekushika mkono na kukupima.

Unaniuliza uende kwa siri au uzikubali siku saba. Ninavyoona mimi, hapo pana maswali mawili yaliyofungwa kamba moja: mwili wako una nini, na nyumbani kwako ni nani anayekuamini. Kwa kuwa yamefungwa pamoja, unadhani ukilijibu moja lazima umpoteze mtu katika la pili. Naomba tuyafungue, tulitazame kila moja peke yake.

Tuanze na karatasi yako, maana kila mtu nyumbani anaitumia kama hati ya hukumu. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo. Homoni ya shingo ikipungua mwilini, amri huongezeka na namba hupanda. Ikizidi, namba hushuka. 3.1 kwa kawaida imo ndani ya mpaka unaokubalika, na daktari aliyekwambia wakati ule kwamba mambo yako sawa hakukosea. Lakini hebu hesabu miezi pamoja nami. Kipimo kile kilichukuliwa mwezi wa sita baada ya upasuaji, na leo umefika wa 14, ina maana kwamba kina umri wa miezi minane, wakati mabadiliko unayoyalalamikia yana miezi sita. Karatasi inamzungumzia mwanamke mwingine, yule aliyekuwa amerejeshewa mwili wake. Huyu aliyesimama ameduwaa mbele ya mwanafunzi hajapimwa bado. Kwa hivyo, unaposema vipimo viko sawa lakini wewe hauko sawa, nakuomba ulitazame tena hilo neno "viko". Vilikuwa sawa.

Sasa lile la chai. Nilipomsomea daktari sentensi yako ya kikopo na chai ya maziwa alinisimamisha, akataka niirudie. Levothairoksini ni dawa yenye deko: inataka tumbo tupu na maji matupu, kisha isubiriwe nusu saa au saa nzima kabla ya chai na chakula. Madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vya kuongeza damu huishika hukohuko tumboni isiingie kwenye damu, kalsiamu hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana hushauriwa vitenganishwe nayo kwa muda wa saa nne. Maziwa nayo yana kalsiamu yake. Inawezekana basi, mwanangu, kwamba kila asubuhi unameza maikrogramu 100 na mwili wako hauzipati zote. Nami naona duara baya hapo: homoni ya tezi ikipungua, hedhi inaweza kuwa nyingi, hedhi ikiwa nyingi, damu hupungua, damu ikipungua, unaandikiwa chuma, na chuma kikimezwa pamoja na dawa ya tezi, homoni huzidi kupungua. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako, kwani uchovu na kunyonyoka nywele vina sababu nyingi, na upungufu wa damu wenyewe ni mmojawapo. Nasema ni jambo ambalo kipimo kipya cha damu kinaweza kulionyesha au kulikanusha, nalo halikuhitaji fedha ya upatu wala uongo wa harusi. Ukianza kuvitenganisha vidonge, mweleze daktari siku uliyoanza, kwa sababu dawa hii huchukua muda kutulia mwilini, na TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 tangu yafanyike mabadiliko. Kipimo cha sasa kitaonyesha ulipo, na kile cha baadaye ndicho kitakachosema kama ilikuwa ni chai. Dozi yenyewe usiibadilishe kwa mkono wako.

Kikopo nacho kiondoe dirishani. Dirisha la jikoni Pemba lina jua, mvuke na moto wa jiko, wakati dawa hii inataka pahali pakavu pasipo joto, ndani ya pakiti yake.

Nimeuchelewesha mkono makusudi ili niuzungumze kwa utulivu, kwani katika barua nzima ndio ulionikosesha usingizi.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kiasi cha punje ya mchele, vyenye kazi tofauti kabisa: kuangalia kiwango cha kalsiamu katika damu. Tezi kubwa inapotolewa karibu yote, vitezi hivi huweza kujeruhiwa, kukatiwa damu, au hata kuondoka pamoja nayo bila ya mtu kukusudia. Kwa wagonjwa wengi huzinduka baada ya wiki au miezi. Kwa baadhi havizinduki sawasawa, na hao huhitaji kalsiamu pamoja na aina maalumu ya vitamini D kwa muda mrefu. Kalsiamu ikishuka, dalili zake ni zilezile ulizoniandikia: sisimizi kwenye vidole na pembeni mwa midomo, misuli kukakamaa, mkono kujikunja. Na kisa chako cha mashine ya presha, cha vidole kukutana kama vya mtia tonge, daktari hakuhitaji nimalizie. Ni alama inayofundishwa katika vyuo vya udaktari, imepewa jina la Armand Trousseau, tabibu wa Ufaransa wa karne ya 19, na hujitokeza hasa pale mfuko wa presha unapobaki umeubana mkono kwa dakika chache. Muuguzi aliyekuwa nawe alikuona kwa macho yake. Alikutuliza kwa wema, ila nadhani hakujua alichokuwa anakitazama.

Hapa tahadhari yangu inageuka kuwa haraka, na sitaki uidhanie kuwa hukumu juu ya ndoa yako au juu ya mkwe wako. Kipimo cha kalsiamu, ikiwezekana pamoja na cha magnesiamu, kisingojee skuli zifungwe. Uliza hapo Wete kesho, ukiambiwa hakifanyiki uliza Chake Chake au Mkoani, na ukifika usianze kwa kusema umechoka, kwa sababu waliochoka ni wengi na foleni ni ndefu. Anza hivi: "Nilitolewa tezi ya shingo miezi 14 iliyopita, nilipewa kalsiamu mwezi mmoja tu, na sasa mikono inakakamaa." Daktari hawezi kuisikia sentensi hiyo akakwambia upunguze mawazo. Na ikitokea koo linabana, pumzi inakatika, moyo unakwenda ovyo, umepatwa na degedege au mkono umejifunga na haufunguki, hiyo ni safari ya hospitali saa ileile, mchana au usiku, maana kalsiamu iliyoshuka mno huhatarisha maisha na hutibiwa kwa kutiwa kwenye mshipa.

Pengine utauliza kwa nini hukuambiwa uendelee na kalsiamu. Mimi sijui, na sitaki kumlaumu mtu nisiyemsikia. Ukipasuliwa upande mmoja wa bahari ukafuatiliwa upande mwingine, karatasi zina tabia ya kubaki ng'ambo. Zitafute. Ripoti ya upasuaji inaweza kueleza vile vitezi vinne vilionekana vingapi na viliachwaje, na daktari yeyote mpya, wa Wete au wa Dar es Salaam, atakwenda mbali zaidi akiwa nayo mkononi. Sauti inayokwama nayo itaje. Mshipa wa fahamu unaoziongoza nyuzi za sauti unapita kandokando ya tezi hiyo, japo upungufu wa homoni peke yake pia huikwaruza sauti.

Nikugusie unga wa mwani, kwa ufupi. Madini joto yana kazi pale penye tezi ya kuyatumia, kwani tezi huyageuza kuwa homoni, na katika visiwa vyetu, ambavyo watu hudhani samaki wanatosha, chumvi yenye madini joto ina maana kubwa kwa wajawazito na watoto. Wewe homoni unaimeza ikiwa tayari. Kama pamebaki kipande cha tezi shingoni na ugonjwa wa Graves bado uko mwilini, madini joto mengi yanaweza hata kukichokoza. Mshukuru rafiki yako, na unga uweke kando mpaka daktari auone.

Turudi nyumbani. Barua yako inanionyesha unahisi kwamba mume wako hakuamini, na ninaelewa kwa nini umefika huko: alichukua siri ya kitandani akaipeleka kwa mama yake, na kikao kijacho kilipowekwa, wewe ndiye uliyekuwa ajenda. Hilo linauma. Ila nakuomba uurudie mstari ulioandika mwenyewe, ule wa mafuta ya nazi. Mtu anayeukanda mkono usiku mpaka ukafunguka ameona kwamba kuna kitu. Je, inawezekana kwamba si kwamba hakuamini, bali ameogopa, na hofu yake ikaenda kule ilikozoea kwenda tangu utotoni, kwa mama? Na ile kauli yake, "daktari kasema vipimo viko sawa", je, ni ya mtu anayekukana au ya mtu anayetaka sana iwe kweli? Mimi sijakaa naye, wewe ndiye uliyeishi naye. Huenda nimekosea. Lakini kabla ya kupanga uongo wa kwanza mkubwa katika ndoa yako, inafaa ujue ni mume yupi unayemdanganya.

Safari ya siri siidharau. Mwanamke mwenye fedha yake na maradhi yake ana haki ya kutafuta tiba, na wapo wanawake ambao siri ndiyo iliyowaokoa. Itazame tu kwa ukamilifu wake. Utavuka bahari mara mbili ukiwa peke yako, ilhali mkono na koo vina tatizo ambalo bado halijapimwa. Utafika bila ya rufaa na bila ya karatasi za upasuaji, na daktari bingwa wa kwanza utakayemwona huenda akakuagizia kipimo kilekile ambacho kingeweza kufanyika kisiwani, kwa fedha ileile ya upatu. Na maradhi ya tezi hayaishi kwa kuonana na daktari mara moja. Utatakiwa urudi, urudiwe vipimo, ubadilishiwe dozi, na harusi za Unguja zitakwisha kabla ya hapo. Kwa upande mwingine, ukiona kwamba ukitamka tu neno Dar es Salaam utafungiwa mlango, basi hesabu inabadilika, na hilo ni wewe pekee unayeweza kulipima.

Kuna njia iliyo katikati, nayo ina uzito wake. Ni kumchukua mume wako mpaka chumba cha daktari. Si kumwomba ruhusa, bali kumwomba awe shahidi: aeleze alichokiona usiku ule, kwa maneno yake, na daktari amjibu yeye. Hatari yake ni kwamba mkikutana na daktari mwingine wa "punguza mawazo", utakuwa umempa mume wako hati ya pili. Ndiyo sababu nikasisitiza ile sentensi ya kuanzia, na ndiyo sababu ningependa uende na karatasi uliyoiandika mwenyewe: tarehe ya upasuaji, majina ya dawa na saa unazozimeza, lini sisimizi walirudi, mkono umekakamaa siku gani na ulikuwa unafanya nini. Wewe ni mwalimu, kuandika rejista hakukushindi. Ikiwa itabidi uende Mnazi Mmoja au Muhimbili, nenda kwa rufaa, na ikiwa wewe ni mtumishi wa Serikali waulize Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar watagharamia nini, kabla hujaigusa fedha ya upatu. Na kama wewe na mumeo mnatarajia mtoto mwingine, liseme hilo mapema, kwa sababu mahitaji ya levothairoksini hupanda tangu wiki za mwanzo za ujauzito.

Nimekuja kwa mkwe wako mwisho, si kwa kumdharau. Mama yule amesimuliwa mkono wa mkaza mwanawe unavyojifunga, kwa namna ambayo katika maisha yake yote amekwisha kupewa jina lake, na amekwenda kulitafutia dawa. Huna haja ya kushindana naye kwamba ni shetani au si shetani. Ukishinda mabishano hayo kalsiamu haitapanda, na ukishindwa haitashuka. Kusomewa hakugombani na kidonge. Kombe ni aya, zafarani na maji ya marashi. Kinachogombana na mwili wako ni lile sharti moja, kwamba dawa isiwemo ndani ya nyumba. Levothairoksini hubaki nusu baada ya siku kama saba hivi, kwa hiyo hutaanguka siku ya kwanza, na hapo ndipo penye hatari, maana watu wataona umestahimili, siku saba zitaongezwa ziwe 14, wakati tezi ya kukufidia huna. Na kama daktari atakuanzishia kalsiamu, hiyo haistahimili hata siku hizo chache.

Fikiria basi kama yupo mtu wa kulisema hili kwa mkwe wako kwa ulimi unaosikika kuliko wako: baba mkwe, wifi mkubwa, au sheikh wa mtaani anayeheshimiwa ndani ya nyumba hiyo, ambaye hatakuwa wa kwanza kumwambia mgonjwa asome na atibiwe. Huenda akakubali, huenda akanuna. Akinuna, utajua angalau kwamba mlichogombania ni sharti, wala si heshima yake.

Kwa hizi siku mbili tatu, ukiamka kwa sala ya alfajiri, meza kidonge cha tezi kwa maji matupu, uswali, uwaamshe watoto, kisha ndiyo ukanywe chai. Vidonge vya damu vipeleke mchana. Na kombe, kama moyo wako umeridhia kulinywa, linywe jioni.